Willie Nelson: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila nikiweka wimbo wa Willie Nelson mbele za watu, hakosi mmoja wa kuuliza kama huyo mzee amepoteza mdundo. Mwingine atauliza kama bado yu hai. Nimeyakusanya maswali hapa, ya maana na ya pembeni, ili nikiulizwa tena niwaelekeze watu huku nami niendelee kusikiliza.

Kwa kifupi, huyu ni nani?

Ni mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa kutoka Abbott, kijiji kidogo cha wakulima wa pamba huko Texas, Marekani. Alizaliwa Aprili 1933. Mwenyewe husema alizaliwa usiku wa tarehe 29 ila ikaandikwa 30, basi husherehekea siku zote mbili. Ndiye yule mwenye misuko miwili, kitambaa kichwani na gitaa lililotoboka. Wengi huijua sura yake kabla ya sauti, na nyimbo zake wanazijua kwa sauti za watu wengine.

Ni mwimbaji wa kantri, au wa kila kitu?

Wa kantri. Ila kantri aliyokulia ilikuwa imeshachanganywa tangu jikoni.

Mama yake aliondoka angali mtoto mchanga, baba naye akashika njia yake, na Willie pamoja na dada yake Bobbie wakalelewa na babu na bibi. Babu alikuwa mhunzi. Alimpa gitaa la kwanza akiwa na miaka 6, kisha hakukaa sana akafariki. Bibi alijua muziki wa kanisani na akawafundisha wote wawili, Bobbie akashika piano. Jumapili ilikuwa nyimbo za injili za Kimethodisti. Siku za kazi ilikuwa kuokota pamba bega kwa bega na Weusi na Wameksiko, kila kundi likiimba kwa namna yake. Jioni redio, kantri kutoka Nashville, makao makuu ya muziki huo, na jazi kutoka kwingineko. Karibu na hapo walikuwa wahamiaji Wacheki waliopenda kucheza polka, na kabla hajabalehe Willie alikuwa akipiga gitaa kwenye bendi yao moja na kulipwa. Juu ya wote hao alikuwepo Bob Wills, aliyeweka fidla za mashambani na tarumbeta za jazi kwenye jukwaa moja, watu wakacheza mpaka asubuhi bila kuuliza mtindo huu unaitwaje.

Kwa hiyo mtu akiniambia Willie "alichanganya mitindo", mimi humuuliza aliikuta imetengana wapi. Walioitenga ni wauza santuri. Miaka ya 1920 kampuni za Marekani zilikuwa na orodha mbili, moja ya muziki wa Wazungu wa mashambani na nyingine ya muziki wa Weusi, ilhali wapigaji wenyewe walikuwa wakiibiana nyimbo kila Jumamosi usiku. Kazi yote ya Willie naiona kama ya mtu aliyekataa kuelewa ule uzio ulijengwa kwa nini.

Mbona anaimba kama amechelewa?

Hili ndilo swali lenyewe.

Umewahi kumtazama makanga wa matatu anavyopanda gari? Anapiga bodi mara mbili, gari linaondoka, yeye bado yuko chini anamalizana na abiria habari ya chenji. Unadhani ameachwa. Halafu hatua tatu, mkono kwenye mlango, na yumo ndani kabla dereva hajabadilisha gia. Walio Dar wana konda wao, na mambo ni hayo hayo.

Willie anaimba hivyo. Bendi inatua kwenye pigo la kwanza, yeye kimya. Pigo la pili bado. Ndipo anaingia, nusu akisema nusu akiimba, maneno mengine anayavuta, mengine anayabana, na mwisho wa mstari wote wamefika kituo kimoja. Safari nyingine hufanya kinyume, anatangulia na kuwasubiri mbele. Si uzembe. Makanga asiyejua mwendo wa gari hawezi kuruka hivyo, ataanguka, na mwimbaji asiyejua pigo liko wapi hawezi kulikwepa kwa raha namna ile.

Chanzo chake ni jazi. Mwimbaji aliyemhusudu kuliko wote ni Frank Sinatra, na kwa upande wa gitaa ni Django Reinhardt, yule mtu wa jamii ya Waroma (Gypsy) aliyepigia jazi Paris akiwa na vidole viwili vizima kwenye mkono wake wa kushoto. Jaribu hivi: weka wimbo wake wowote wa polepole, gonga meza kwa kidole ukifuata besi, na usimfuate yeye. Baada ya dakika moja utaanza kutabasamu.

Ni kweli aliuza nyimbo zake kwa bei ya kutupa?

Kweli kabisa. Miaka ya mwisho ya 1950 alikuwa Houston, ana mke na watoto, anafundisha gitaa mchana katika shule ya rafiki yake Paul Buskirk na kupiga kwenye baa usiku. Kabla ya hapo alikuwa ametangaza redioni na kuuza Biblia na ensaiklopedia nyumba kwa nyumba. Kodi ya nyumba ikambana. Akauza wimbo "Family Bible" kwa dola 50, na "Night Life" kwa dola 150, haki zote zikaenda. "Family Bible" ukavuma mwaka 1960 kwa sauti ya Claude Gray, na jina la Willie halikuwemo kwenye orodha ya watunzi.

Kisa cha "Night Life" kina kichekesho cha uchungu. Kampuni aliyokuwa na mkataba nayo iliukataa kwa hoja kwamba hiyo si kantri, ni bluzi. Akaurekodi kwa mlango wa nyuma, na kwenye lebo ya santuri akaandikwa Hugh Nelson, jina lake la kati, ili asijulikane. Mwaka 1963 Ray Price, mfalme wa kumbi za kantri, akaufanya kuwa wake. Haukubadilika hata noti. Kilichobadilika ni nani amesimama mbele.

Alipofika Nashville mwaka 1960 alitaka kurudia kosa lile lile. Alimpelekea mwimbaji Faron Young wimbo "Hello Walls" ili amuuzie moja kwa moja kwa dola 500. Faron alikataa kuununua, akamkopesha hizo 500 na kumwambia aushike. Ulikaa namba moja wiki tisa mwaka 1961. Vijana wanaotunga huku kwetu na kuuziana nyimbo kwa bahasha wangekuwa na Faron mmoja kila mtaa, tungekuwa mbali.

"Crazy" si wa Patsy Cline?

Kuimba ni Patsy, kutunga ni Willie. Mume wa Patsy alipomletea rekodi ya majaribio, Patsy hakuipenda, kwa sababu ile namna ya Willie ya kuongea-ongea ilimchanganya. Alipojaribu kumfuata hatua kwa hatua haikuwezekana. Isitoshe alikuwa ametoka kwenye ajali mbaya ya gari, mbavu zinauma, noti za juu hazifikiki. Bendi ikarekodi sehemu yake, Patsy akarudi siku nyingine na kuimba kwa njia yake mwenyewe. Ulifika namba mbili kwenye chati ya kantri na kuingia kumi bora za pop.

Anayepiga gitaa ajaribu kuusindikiza. Kantri ya kawaida ya wakati ule iliridhika na kodi tatu za gitaa (chords). Huu unazunguka kama wimbo wa jazi, na ukikosea kodi moja tu, kila mtu mezani atajua.

Kama alikuwa na nyimbo kali hivyo, kwa nini hakutamba mapema?

Kwa sababu Nashville ya miaka ya 1960 ilikuwa na mapishi yake. Mwimbaji unakuja, wapigaji wa studio wako tayari, prodyuza anaongeza vinanda vya nyuzi na kwaya laini nyuma, ndani ya muda wa saa tatu nyimbo zimekamilika. Kwa Jim Reeves mapishi hayo yalifaa sana. Kwa Willie yalikuwa kumvalisha makanga suti na kumkalisha kiti cha mbele afunge mkanda. Alikaa na kampuni ya RCA miaka mingi, albamu zikatoka moja baada ya nyingine, hakuna iliyochoma.

Kisha nyumba yake ya Ridgetop, nje ya Nashville, iliungua. Aliingia ndani moto ukiwaka, akaokoa gitaa lake na bangi yake. Akarudi Texas.

"Outlaw" ni nini? Walikuwa wahalifu?

Neno lina maana ya mhalifu au mwasi, na ndivyo walivyoitwa waimbaji wa kantri walioyakataa mapishi ya Nashville. Wahalifu hapana, ingawa jina liliuza. Lilikuwa suala la nani anachagua wapigaji, studio na nyimbo. Willie na rafiki yake Waylon Jennings walitaka kuamua wenyewe.

Alipohamia Austin mwaka 1972 alikuta ukumbi uitwao Armadillo World Headquarters, uliokuwa wa vijana wa nywele ndefu. Alipopiga pale mwezi Agosti, wachunga ng'ombe wenye kofia na mahipi wenye shanga walijikuta kwenye sakafu moja, watu ambao siku nyingine wangetwangana ngumi. Naye akaacha nywele zikue.

Mwaka 1975 alipewa na kampuni ya Columbia uhuru wa kutengeneza albamu atakavyo. Akaenda studio ndogo Garland, Texas, akatumia pesa kidogo mno, akarudi na "Red Headed Stranger": gitaa, piano ya Bobbie, harmonika ya Mickey Raphael, na ukimya mwingi katikati. Wakubwa walidhani ni rekodi ya majaribio. Mkataba ukawalazimu kuitoa vile vile. Wimbo mmoja humo, "Blue Eyes Crying in the Rain", uliotungwa na Fred Rose miaka mingi nyuma, ndio uliompa namba moja ya kwanza kama mwimbaji. Alikuwa na miaka 42. Mwaka uliofuata albamu ya mkusanyiko "Wanted! The Outlaws", wakiwa yeye, Waylon, Jessi Colter na Tompall Glaser, ikawa ya kwanza ya kantri kutambuliwa rasmi kwa mauzo ya nakala milioni moja.

Albamu yake ipi ilivunja uzio kabisa?

"Stardust", 1978. Baada ya kupata sifa ya uasi, alitaka kuimba nyimbo za zamani za wazazi: Hoagy Carmichael, Irving Berlin, George Gershwin. Na prodyuza akamchukua Booker T. Jones, mpiga ogani Mweusi wa muziki wa soul kutoka Memphis, aliyekuwa jirani yake huko Malibu. Kampuni ilimwona amechanganyikiwa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: vijana watadhani nyimbo ni mpya, wazee watazikumbuka. Albamu ilikaa kwenye chati ya kantri karibu miaka kumi.

Ukiisikiliza leo hakuna mahali inapopiga kelele kwamba inachanganya kitu. Ni sauti ile ile ya puani, gitaa lile lile.

Gitaa lake lina tundu. Kwa nini halitengenezi?

Linaitwa Trigger, kwa heshima ya farasi wa Roy Rogers, mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe. Mwaka 1969 gitaa lake la wakati ule lilikanyagwa na mlevi baada ya onyesho. Alilipeleka kwa fundi Shot Jackson huko Nashville, akaambiwa halitengenezeki, ila dukani kuna Martin N-20 la nyuzi za nailoni. Akalinunua dola 750 bila kuliona. Fundi akang'oa kinasa sauti cha gitaa lililovunjika na kukipachika kwenye hilo jipya.

Hapo ndipo tundu linapoanzia. Gitaa la namna hiyo ni la kupigwa kwa vidole, kwa hiyo halina ule ubao wa plastiki unaokinga mbao zisichubuke. Willie analipiga kwa kipande cha plastiki, na kwa nguvu. Mwaka baada ya mwaka mkono ukakwangua vanishi, kisha mbao yenyewe, mpaka likafunguka tundu la pili chini ya lile la duara. Fundi wake wa Austin, Mark Erlewine, ameliimarisha kwa ndani lisiporomoke, bila kuliziba. Usoni limejaa sahihi za marafiki zaidi ya 100, ya kwanza ikiwa ya Leon Russell.

Nyuzi za nailoni hazing'ati kama za chuma. Ndiyo maana akipiga kantri unasikia Meksiko kwa mbali, na akipiga bluzi unamsikia Django.

Na ile rege?

Iko. Albamu inaitwa "Countryman", ilianza kurekodiwa miaka ya 1990, ikalala kabatini, ikatoka 2005, na kuna wimbo ameimba na Toots Hibbert wa Jamaika. Nitasema ninavyoiona: si kila sufuria iliiva. Mdundo wa rege una nafasi zake tayari, na Willie akichelewa ndani ya muziki ambao nao unachelewa, wote wawili wanabaki kituoni. Afadhali mara kumi albamu yake na mpiga tarumbeta Wynton Marsalis ya 2008, "Two Men with the Blues", ambapo wapiga jazi wa New York wanafurahia kumsubiri.

Ni kweli serikali ilimfilisi?

Karibu. Mwaka 1990 maafisa wa kodi wa Marekani walikamata mali zake kwa deni la zaidi ya dola milioni 16, lililotokana kwa sehemu kubwa na uwekezaji aliouingia kwa ushauri wa wahasibu, ambao mamlaka ya kodi iliukataa. Vitu vyake vikapigwa mnada, na marafiki na mashabiki wakavinunua kadhaa na kumrudishia. Trigger halikupatikana: binti yake alikuwa ameshalichukua na kumpelekea Hawaii. Naye akatoa albamu ya sauti na gitaa tupu iitwayo "The IRS Tapes" (IRS ndiyo hiyo mamlaka ya kodi), mapato yakienda kulipa deni. Walimalizana 1993. Namjua mtu aliyefunga duka kwa deni dogo la kodi na hajawahi kucheka tena, huyu aliliimbia.

Kantri si muziki wa Wazungu?

Ndivyo ilivyouzwa. Banjo ina asili ya Afrika Magharibi. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alirekodi na Louis Armstrong mwaka 1930. Ray Charles alipoimba kantri 1962 aliuza kuliko wenye nayo, na duwa yake na Willie, "Seven Spanish Angels", ilifika namba moja ya kantri 1985. Charley Pride, nyota Mweusi wa kwanza mkubwa wa kantri, alipoanza kuzunguka Texas miaka ya 1960 kumbi zilikuwa na wasiwasi naye. Inasimuliwa kwamba Willie alimkaribisha jukwaani Dallas, akambusu mdomoni mbele ya umati, na baada ya ukumbi kushtuka, Pride akaimba na kushangiliwa. Mwaka 2024 Beyoncé alipotoa "Cowboy Carter", sauti ya mtangazaji wa redio anayesikika humo ni ya Willie.

Sisi huku inatuhusu vipi?

Zaidi ya unavyodhani. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis, magharibi mwa Bonde la Ufa, wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Jina hilo ni Jimmie Rodgers. Santuri zake zilikuwa zimefika hadi kule, na sauti iliyotoka ndani ya sanduku ikapewa kwato. Rodgers alifariki Mei 1933, Willie akiwa na karibu mwezi mmoja.

Mimi nilikulia kwenye gari lenye kaseti mbili, Jim Reeves na Kenny Rogers, tukipanda kuelekea Nakuru, na upande wa pili wa moja kulikuwa na nyimbo tatu za Willie zilizorekodiwa kutoka redioni, mtangazaji akiingilia katikati. Baba alikuwa akiziruka. Alisema huyu hajui kuimba. Leo Kenya ina waimbaji wake wa kantri, Sir Elvis akiwa mmoja wa wanaojulikana sana, na ukikaa kwenye baa za mugithi, muziki wa Kikuyu wa gitaa moja, utasikia gitaa hilo likitoka Kikuyu kwenda kantri ya Don Williams na kurudi bila kusimama.

Nianze na nini?

"Stardust" usiku, taa zikiwa chini. Ukiipenda, nenda "Red Headed Stranger", lakini isikilize yote kwa mpangilio, ni hadithi moja. "On the Road Again" utakuwa umeshausikia. Aliutunga ndani ya ndege, kwenye mfuko wa kutapikia, prodyuza wa filamu alipomwomba wimbo. "Teatro" ya 1998 ni ya wanaopenda ngoma. Za miaka ya 1960 ziache mwisho.

Bado anavuta bangi?

Alisema mwaka 2019 kwamba ameacha kuivuta kwa sababu ya mapafu. Kuila ni habari nyingine.

Bado anaimba?

Anaimba akiwa amekaa. Bobbie alifariki Machi 2022, na mpiga dramu wake wa miaka mingi, Paul English, alitangulia 2020. Willie aliingizwa kwenye jumba la heshima la rock mwaka 2023 akiwa na miaka 90, na mwaka uliofuata akatoa "Last Leaf on the Tree", iliyotayarishwa na mwanawe Micah. Sauti imepungua, pumzi ni fupi, na kwa sababu ya pumzi anachelewa zaidi ya zamani. Mara ya kwanza kuisikia nilidhani safari hii gari limemwacha kweli. Nikagonga meza, nikafuata besi, na mwisho wa mstari nikamkuta ameshika mlango.